Kisiwa Kisicho na Moshi

Chukua rula na ramani ya Kongo. Weka ncha ya kalamu juu ya Kamina, kisha chora mstari ulionyooka kwenda mashariki. Utapita misitu ya miombo na mashamba ya mihogo, na baada ya kilomita 150 hivi kalamu itaingia kwenye rangi ya buluu. Hilo ni Ziwa Upemba. Usisimame hapo. Songa mbele kilomita 90 nyingine, na kalamu itatua mahali ambapo mchora ramani hakuandika kitu: hakuna jina la kijiji, hakuna nukta, hakuna barabara ya maana. Kuna rangi ya kahawia tu, inayosema kwamba nchi imeinuka.

Niliuchora mstari huo mara ya kwanza nikiwa mtoto wa shule, nikamwuliza mwalimu wetu kuna nini pale. Alikuwa mtu mwema, tena mwenye kusoma. Alijibu: “Kule hamuna kitu, mwanangu. Ni baridi na majani.” Sura hii ni jibu langu kwake, lililochelewa miaka mingi.

Nchi ile ni uwanda wa juu wa Kibara, na ndiyo kisiwa cha kwanza nitakachokuonyesha. Cha pili kiko karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, katika bahari ambayo huganda sehemu kubwa ya mwaka. Vyote viwili havina moshi wa jikoni. Nimeviweka katika sura moja kwa sababu mtu aliyekulia Kamina anazo tayari funguo za kukielewa kisiwa cha Aktiki, naye akikielewa, ataitazama upya nchi iliyo nyuma ya nyumba yake.

Shuleni tulikariri kwamba kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji. Maana hiyo yamfaa baharia. Kwa mmea, kwa panzi, kwa punda milia, kisiwa ni mahali anapoweza kuishi palipozungukwa pande zote na mahali asipoweza. Kinachozunguka kinaweza kuwa bahari, jangwa, au joto la bondeni. Tuendelee na maana hii ya pili, maana ndiyo itakayotuvusha.

Kushuka majini

Kutoka Kamina hadi Kibara huwezi kwenda moja kwa moja. Lazima kwanza ushuke. Mji wetu umekaa kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Upemba liko chini ya mita 600. Kati ya hapo ardhi imekatika na kuzama, na sakafu ya shimo hilo refu ndiyo Bonde la Upemba, ambalo vitabu vingine huliita Kamalondo.

Bonde hilo ni mtoto wa Bonde la Ufa. Nguvu zile zile zilizochimba Ziwa Tanganyika, zikilipasua bara kidogo kidogo, zimelivuta pia tumbo la Katanga, zikashusha kipande kirefu kati ya kuta mbili. Mto Lualaba unaingia humo ukitoka nyanda za juu za kusini, na ukifika Bukama unapoteza haraka yake. Maji yanatanda. Yanazaa maziwa mengi, makubwa na madogo, huku Upemba na Kisale yakiwa ndiyo yenye sifa. Upemba lina eneo la kilomita za mraba 530 hivi, ila kina chake ni kidogo mno: katika sehemu kubwa ya ziwa, upondo wa mvuvi unagusa tope.

Ukitaka kulijua bonde hilo bila kusafiri, nenda stesheni siku ya gari la moshi. Utaona magunia ya samaki wakavu yakishushwa na kupakiwa, na harufu yake itakupokea kabla hujafika. Mwulize mama mwenye gunia wanatoka wapi, naye atakuonyesha kwa mkono upande jua linakochomoza: “Kule ku maji, papa.” Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ikakamilika kupitia Kamina hadi bandari ya Ilebo kwenye mto Kasai. Tangu hapo samaki wa bondeni wamelisha miji ya migodi kwa vizazi.

Lakini watu wa bonde hawakungoja reli. Huko Sanga, kwenye ufuo wa Ziwa Kisale, waakiolojia walianza kuchimba makaburi mwaka 1957. Jacques Nenquin alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendeleza kazi. Walichokikuta ni mojawapo ya makaburi makubwa ya kale yaliyochimbwa katika Afrika ya Kati: vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, mapambo ya shaba, zana za chuma, pembe za ndovu. Watu walikuwa wakizikwa hapo kwa heshima zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Shaba haipatikani bondeni, kwa hiyo ilisafiri kutoka machimbo ya kusini. Samaki na shaba vilikuwa vikibadilishana njia muda mrefu kabla ya jina la Katanga kuandikwa kwenye karatasi.

Shika picha hiyo: bonde lililojaa watu, makaburi juu ya makaburi. Kisha inua macho upande wa mashariki, kwenye ukuta wa Kibara, ambako hakuna mji. Umbali kati ya viwili hivi ni mwendo wa siku chache kwa miguu. Tofauti hiyo ndiyo inayotaka kuelezwa.

Visiwa vinavyotembea

Kabla ya kupanda, tusimame kidogo majini, kwa kuwa bonde lina visiwa vyake ambavyo ramani haiwezi kuvishika.

Mafunjo yana mashina mazito yanayotambaa na kusukana, na ndani ya mmea mna nafasi nyingi za hewa. Miaka inavyopita, mizizi, majani yaliyooza na tope hushikana yakawa godoro nene linaloelea. Mvua zinapojaa na Lualaba kufurika, maji huliinua godoro hilo, nao upepo hung’oa kipande na kuondoka nacho. Jioni unaona kisiwa mbele ya kijiji, asubuhi hakipo.

Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, akiwa na msafara uliotoka Bagamoyo, alifika nchi ya Waluba na kukaa miezi katika mji wa mfalme Kasongo Kalombo. Hakuruhusiwa kwenda hadi Ziwa Kisale, ila aliandika aliyoyasikia: kwamba watu wa ziwa hilo hukata vipande vikubwa vya majani yanayoelea, wakapanga magogo na matawi juu yake, wakamwaga udongo, wakajenga nyumba, wakapanda migomba na kufuga mbuzi na kuku. Kisiwa hufungwa kwenye nguzo zilizochomekwa ziwani, na wenyewe wakitaka kuhama huzing’oa nguzo wakahama nacho. Neno alilolitumia kwa majani hayo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja: tingitingi, ndugu wa tingatinga letu.

Zilikuwa zama za misafara ya watumwa na ya vita vya pembe. Mtu aliyejenga juu ya maji alikuwa amejizungushia ukuta ambao adui hawezi kuupanda. Hata leo wavuvi wa Upemba na Kisale hujenga vibanda juu ya mafunjo, wakapika na kulala hapo msimu wa uvuvi. Moshi wao unaonekana kutoka mbali, ukipanda kutoka mahali ambapo mgeni angeapa hakuna nchi kavu.

Bahari ya Aktiki nayo ina visiwa vya namna hii, vya barafu. Vipande vikubwa huvunjika kutoka rafu za barafu za pwani ya kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, vikaelea miaka na miaka. Kimoja kiliitwa T-3, na pia Kisiwa cha Fletcher, kwa jina la ofisa wa jeshi la anga la Marekani, Joseph Fletcher, aliyetua juu yake mwezi Machi 1952. Kilikuwa na urefu wa kilomita kumi na kitu. Wanasayansi walijenga vibanda juu yake wakapima bahari na hali ya hewa, huku kisiwa kikiwazungusha polepole kuzunguka Aktiki. Mvuvi wa Kisale angeyaelewa maisha yao kuliko watu wengi wa Paris.

Kupanda Kibara

Sasa tupande. Ukiacha tingatinga, njia inapita kwanza kwenye miombo ya mteremko, yenye joto na mbung’o. Kisha inakuwa kali. Mawe yanajitokeza, miti inapungua kimo, na pumzi inafupika. Kutoka ziwani hadi juu ni kupanda zaidi ya mita 1,100. Kilele cha Kibara kinafika mita 1,889. Kwa kanuni ya kawaida, hewa hupoa nyuzi sita hivi kwa kila mita elfu moja, kwa hiyo mtu aliyeondoka ziwani akiwa na fulana atatafuta blanketi usiku huo huo.

Juu ukifika, nchi inalala bapa. Hii ndiyo ajabu ya kwanza ya Kibara: kutoka chini ni mlima, kutoka juu ni uwanja. Majani yanakwenda hadi mwisho wa macho, yakikatwa na madembo ambamo maji hukusanyika na vijito huzaliwa. Miti mikubwa imejificha kwenye mikunjo ya mito tu. Mwezi wa Juni na Julai, anga inapokuwa safi na upepo kutulia, baridi hushuka na kutuama kwenye madembo, na kwenye nyanda za juu za Katanga alfajiri nyingine umande huonekana mweupe, umeganda. Mtu wa Kamina anayesikia neno Aktiki akadhani ni habari ya dunia nyingine, na aikumbuke alfajiri hiyo.

Miamba iliyo chini ya majani hayo ni ya kale kupita hesabu zetu za kila siku. Ilikunjwa na kupikwa zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, wakati hakukuwa na mnyama wala mti duniani. Wanajiolojia waliona mikunjo ya namna hiyo ikiendelea kutoka Katanga kuelekea kaskazini-mashariki hadi nchi za Burundi na Rwanda, nao wakaipa jina la mlima wetu: Mkanda wa Kibara. Jina hilo limo katika vitabu vya jiolojia tangu Brazil hadi Uchina. Mawe ya matale yaliyopenya katika mkanda huo ndiyo yaliyoleta bati na koltani ya Manono na Mitwaba. Hivyo mahali ambapo “hamuna kitu” pamewapa wasomi wa dunia nzima neno la kutajia sura nzima ya historia ya sayari.

Ajabu ya pili imo mguuni pako, nawe unaweza kuikanyaga bila kuijua. Unaona vijani vigumu vimetawanyika kati ya nyasi, kimo cha kiganja. Chimba. Chini ya kila kishada utakuta mbao: shina nene linalotambaa ardhini, lenye matawi, lililoishi labda kuliko babu yako. Huo ni mti uliojizika. Mmoja wao ni *Parinari capensis*, ndugu mdogo wa mupundu ambao watoto wa Katanga wanaujua kwa matunda yake. Mupundu husimama mti kamili msituni, ila ndugu yake wa uwandani amefanya udongo kuwa shina lake, akatoa juu majani na matunda tu.

Sababu ziko kadhaa na wataalamu wanazipima kwa uzito tofauti. Moto hupita kila kiangazi na kula kilicho juu. Baridi ya usiku huua machipukizi. Wakati wa mvua maji hutuama kwenye mchanga maskini, na mizizi mirefu inakosa hewa. Mti uliojizika huepuka moto na baridi, na kwa kutanda karibu na uso wa udongo huepuka pia kuzama. Mwaka 1976 mtaalamu wa mimea Frank White aliiita mimea hii misitu ya chini ya ardhi ya Afrika. Kwa hiyo mtu anayesema Kibara haina miti ameangalia upande mmoja tu wa ardhi.

Na wanyama? Punda milia wa mwisho wa porini katika Kongo nzima wanalisha hapo. Chini yao, kwenye mafunjo ya bondeni, yuko swala wa tingatinga ambaye mwaka 2005 wataalamu walimtangaza kuwa spishi ya peke yake, *Kobus anselli*. Pia yuko ndege mdogo mla mbegu, *Estrilda nigriloris*, anayejulikana kutoka nyanda za Lualaba na Ziwa Upemba tu. Kila mmoja wao anaishi kisiwani, ingawa hakuna hata mmoja aliyezungukwa na bahari.

Kisiwa kikubwa kuliko vyote visivyo na watu

Kisiwa cha pili kinaitwa Devon. Kiko Kanada, kwenye latitudo ya nyuzi 75 kaskazini, na ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani visivyo na wakazi. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 55,000, karibu nusu ya jimbo letu la Haut-Lomami. Jaribu kuiwaza nusu ya jimbo hili, pamoja na njia zake na masoko yake, halafu zima kila jiko.

Nilipoanza kukisoma kisiwa hiki, kilichonishtua kwanza ni kimo chake. Upande wa mashariki umefunikwa na kofia ya barafu ambayo kilele chake kinapita kidogo mita 1,900. Kibara na Devon wangesimama bega kwa bega. Kinachowatenganisha ni jua. Kwetu jua hutoka na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Devon jua hupotea mwanzoni mwa Novemba na kurudi mwezi wa Februari, na majira ya joto halizami kabisa kwa zaidi ya miezi mitatu.

Magharibi mwa kofia ya barafu ni uwanda wa mawe yaliyopasuka. Mvua na theluji kwa pamoja ni kidogo kiasi kwamba wanajiografia huita nchi hiyo jangwa la baridi. Udongo umeganda kwenda chini mita nyingi, na majira ya joto unayeyuka kipande cha juu tu, kama tope juu ya zege. Maji ya kuyeyuka hayana pa kuzama, yanatuama. Mtu wa madembo ataielewa hali hii upesi: maji juu, sakafu isiyopitisha chini, mizizi katikati ikisongwa.

Na jibu la mimea ni lile lile. Mierebi ya Aktiki, *Salix arctica*, ni miti halisi yenye mbao na pete za miaka, lakini hailivuki goti lako. Inatambaa juu ya mawe, ikikumbatia joto dogo la ardhi. Kwetu mti ulizama ndani, kwao mti ulilala juu. Misitu hii miwili, kilomita zaidi ya elfu kumi na moja mbali mbali, imejifunza kila mmoja kwa njia yake kwamba kusimama wima ni gharama.

Kaskazini mwa Devon pana bonde dogo la pwani liitwalo Truelove, lenye kilomita za mraba 43 tu. Milima inalikinga na upepo, maji ya kuyeyuka yanalinywesha, basi mna malisho ya nyasi na kuvumwani, ndege wanaotaga, na ng’ombe-miski wenye manyoya hadi kwatoni. Kisiwa ndani ya kisiwa. Na magharibi zaidi kuna shimo la Haughton, lenye upana wa kilomita 23 hivi, lililochimbwa na kimondo mamilioni ya miaka iliyopita. Tangu mwaka 1997 watafiti wanaoshirikiana na shirika la anga la Marekani, NASA, wamekuwa wakienda huko majira ya joto kujizoeza safari ya Mirihi, kwa kuwa nchi hiyo inafanana nayo kwa mengi.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama na wewe, msomaji. Watu walipotaka mfano wa sayari isiyowahi kukanyagwa, walichagua kisiwa ambacho kimekanyagwa kwa maelfu ya miaka.

Utupu una sababu

Kwenye pwani za Devon zimo alama za watu wa zamani sana wa Aktiki, na za Wathule, mababu wa Wainuit, waliojenga nyumba za majira ya baridi kwa mawe na mifupa ya nyangumi. Walikuja wakati barafu na wanyama viliruhusu, wakaondoka vilipokataa. Utupu wa namna hii nauita utupu wa majira. Ni wa haki, kwa sababu mwenye nchi ndiye aliyeamua.

Upo utupu mwingine. Mwaka 1924 serikali ya Kanada ilifungua kituo cha polisi huko Dundas Harbour, pwani ya kusini ya Devon, ili kuonyesha dunia kwamba kisiwa ni chake. Makaburi mawili ya askari yamebaki hapo. Kituo kilipofungwa, mwaka 1934 familia za Wainuit zilichukuliwa kwa meli kutoka vijiji vya mbali kusini, zikapelekwa kukaa Dundas Harbour na kutega wanyama wa manyoya kwa ajili ya Kampuni ya Hudson’s Bay. Barafu ya pale ilikuwa mbaya kwa safari za mbwa na kwa uwindaji. Baada ya miaka miwili wakaondolewa. Kisiwa kikarudi kuwa kitupu, na ramani haikueleza kwamba watu waliwekwa hapo na kutolewa hapo kwa uamuzi wa wengine.

Kibara pia ina tabaka zake za utupu. La kwanza ni la ardhi: mchanga maskini hauwezi kulisha mihogo na mahindi kama udongo wa bondeni, na samaki hawako kama ziwani. Watu wa Sanga ya kale waliotaka kuishi vizuri walikuwa na sababu njema ya kukaa chini. Huko juu palikuwa pa mwindaji na pa mrina asali, mahali pa kwenda na kurudi.

Tabaka la pili ni la sheria. Mwezi Mei 1939 utawala wa Kibelgiji ulitangaza Hifadhi ya Taifa ya Upemba, zaidi ya kilomita za mraba 17,000, kutoka mafunjo ya ziwa hadi kilele cha Kibara. Kituo kikuu kiliwekwa Lusinga, juu uwandani. Kati ya mwaka 1946 na 1949 msafara wa kisayansi ulioongozwa na Gaston-François de Witte ulikusanya wadudu, vyura, nyoka na mimea kwa wingi usiohesabika kwa urahisi, na matokeo yakachapwa kwa miaka mingi katika mfululizo mrefu wa vitabu. Watu weusi waliobeba mizigo, walioshika nyavu, waliojua nyoka gani anakaa wapi, ni nadra kuonekana majina yao kwenye majalada. Lakini bila macho yao vitabu vile visingekuwepo. Katika miaka ya 1970 hifadhi ilipunguzwa hadi kilomita za mraba 11,730.

Tabaka la tatu ni la bunduki. Katika miaka ya vita, makundi yenye silaha yaliifanya nchi kati ya Manono, Mitwaba na Pweto kuitwa pembetatu ya kifo. Vijiji vilikimbia. Wanyama waliliwa, walinzi wa hifadhi waliuawa wakiwa kazini. Aliyepita mbali akaona nyumba zilizoachwa angeweza kuandika tena kwenye ramani: hamuna kitu.

Ndiyo maana nasema mwanajiografia akikutana na mahali patupu, kazi yake inaanza, haijaisha. Aulize: ni udongo uliokataa, ni sheria iliyofukuza, ama ni hofu? Jibu la kila swali linataka tiba tofauti. Ardhi iliyokataa jembe yafaa kuachiwa punda milia na miti iliyojizika. Ardhi iliyokimbiwa kwa hofu inawadai watu wake warudishwe.

Jina la kidevu

Mwaka 1819 nahodha Mwingereza William Edward Parry alikipa kisiwa kile jina la Devon, la wilaya moja ya kwao. Wainuit walikuwa na jina lao, nao wanalo hadi leo: Tallurutit. Maana yake ni chale za kidevu cha mwanamke. Ukisimama mbali upande wa kusini, makorongo yaliyokata majabali ya kisiwa yanashuka kama mistari iliyochorwa kwa wino kwenye uso wa mama. Mlango wa bahari ulio mbele yake, unaohifadhiwa sasa kwa ajili ya nyangumi na sili, unaitwa Tallurutiup Imanga, maji yanayokizunguka kisiwa hicho.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Nililiwaza tumbo na mgongo wa mama wa Kiluba wa zamani, uliopambwa kwa chale ambazo wenye kujua walizisoma kama maandishi. Nililiwaza lukasa, ubao wa kumbukumbu wa Wambudye, watunza kumbukumbu wa Waluba, unaotosha kushikwa mkononi, wenye shanga na nakshi. Mzee alipitisha kidole juu yake akataja wafalme, safari, maziwa na makao. Lukasa ni ramani. Na juu yake palikuwa na nafasi ya kitenta, makao ya mfalme aliyekufa, mji ambao wakazi wake waliondoka lakini roho yake ilitunzwa na mwanamke aliyeteuliwa. Kwa Waluba, mahali palipoachwa na watu paliweza kuwa mahali penye uzito kuliko soko.

Watu wawili ambao hawakuwahi kukutana, mmoja kwenye barafu, mmoja kwenye savana, waliikataa ramani tupu kwa njia moja: waliiandika nchi juu ya mwili, na mwili juu ya nchi.

Sasa irudishe ile ramani ya mwanzo, na badala ya kalamu chukua penseli, kwa sababu utaongeza tena siku nyingine. Pale pasipo na nukta, mashariki mwa Kamina, andika: miamba ya zaidi ya miaka bilioni moja. Andika: misitu chini ya udongo. Punda milia. Umande ulioganda, Julai. Lusinga, walinzi. Njia ya warina asali. Vijiji vilivyokimbia, na miaka yake, umwulize aliyekimbia. Na ukipita kando ya ziwa mwezi wa Agosti, tazama juu: moto wa majani utakuwa unapita uwandani, na moshi wake utaonekana kutoka mbali sana. Andika na huo, kisha uulize nani aliyeuwasha.